Majani yanapogeuka rangi: jinsi ya kupata pa kupigia picha bila kwenda mbali na mji

"Ninaishi katika mji mkubwa wa nchi ya kaskazini yenye majira manne. Kwa miaka mitatu mfululizo nimepanda basi kwa saa tatu kwenda kwenye mlima unaosifika kwa rangi za majani ya vuli. Mwaka wa kwanza niliukuta bado wa kijani, wa pili upepo ulikuwa umekwisha kupukutisha majani yote, na mwaka jana niliyawahi, lakini watu walijaa mpaka sikupata pa kusimama, na picha zangu zilitoka na anga jeupe na wekundu usio na uhai. Sina gari, na kamera yangu ina lenzi moja tu ya kawaida. Wenzangu wananiambia kwamba bila sakitu kali, yaani umande unaoganda kwa baridi, hakuna rangi, na kwamba miti ya mjini haina lolote la kuonyesha. Je, nitapata mahali pazuri karibu na mji, au nisubiri hadi nitakapokuwa na gari na lenzi bora?"

Ndugu msomaji, nikikusoma vizuri, kinachokuuma zaidi ni kwamba kila mwaka unaweka matumaini yote katika siku moja, na siku hiyo inakugeuka. Nitalijibu hilo kwanza, kwa sababu ukilielewa, swali la mahali linakuwa jepesi kuliko unavyodhani. Maporomoko ya maji au jengo la kale utalikuta pale pale ulipoliacha. Rangi za vuli hupita, na katika mti mmoja kilele chake hudumu siku chache tu, pengine wiki moja au zaidi kidogo hali ya hewa ikiwa tulivu. Anayeishi karibu na mti huo ana nafasi tano au sita za kuukuta katika kilele. Anayeusafiria saa tatu ana nafasi moja. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba mahali pa wastani unapoweza kupafikia mara nne ndani ya wiki mbili patakupa picha bora kuliko mlima maarufu unaouona mara moja kwa mwaka.

Sasa tuje kwenye sakitu. Wenzako wanakosea, ingawa kosa lao lina asili yake, maana sakitu za kwanza na rangi za majani huja karibu wakati mmoja, na ni rahisi kudhani kwamba moja imezaa nyingine. Jani huwa kijani kwa sababu ya klorofili, ambayo huchakaa juani na ambayo mti huitengeneza upya mfululizo. Siku zinapofupika baada ya kiangazi, mti hupunguza kazi hiyo na hatimaye huiacha, huku ukirudisha naitrojeni na virutubisho vingine kutoka majanini kwenda kwenye matawi na mizizi. Klorofili ikitoweka, manjano unayoiona si rangi mpya: ni karotenoidi, zilizopewa jina kutokana na karoti, nazo zilikuwemo ndani ya jani wakati wote wa kiangazi zikiwa zimefunikwa na kijani. Wekundu una habari yake. Unatokana na anthosianini, ambazo katika miti mingi hutengenezwa wakati huo huo wa vuli, kwa kutumia sukari inayobaki ndani ya jani wakati tabaka la seli kwenye kikonyo linapoanza kuziba njia za kupitishia chakula. Kazi hiyo huenda vizuri pale mchana unapokuwa na jua na usiku unapokuwa na ubaridi usiofikia kuganda.

Unaweza kujionea mwenyewe. Tafuta kwenye mti wa mepo jani jekundu ambalo nusu yake imefunikwa na jani jingine, kisha uliinue lile la juu. Mara nyingi utakuta umbo lake limechorwa kwa manjano kwenye la chini, ncha kwa ncha, kama kivuli kilichogandamana hapo: pale ambapo jua halikufika, wekundu haukutengenezwa. Sakitu kali, kwa upande wake, huua seli na kuikatiza kazi hii kabla haijaisha, na majani hugeuka kahawia yakaanguka. Mti wa ginko ndio unaoonyesha jambo hili kwa namna ya ajabu, kwani baada ya usiku mmoja wa sakitu unaweza kumwaga karibu majani yake yote katika asubuhi moja, na chini pakabaki zulia la manjano. Unachopaswa kutazama katika utabiri wa hali ya hewa ni wiki kavu yenye jua na usiku wenye ubaridi wa nyuzi chache juu ya sifuri. Wiki ya mawingu, joto na mvua mfululizo hufifisha wekundu, ingawa manjano haiathiriki sana, kwa kuwa tayari imo.

Kwa vile saa ya mti inafuata urefu wa mchana, na urefu wa mchana haubadiliki mwaka hadi mwaka, ratiba ya kila mti haiyumbi sana. Joto, ukame na upepo huisogeza kwa siku kadhaa, mara chache zaidi ya hapo. Hii ina maana kwamba ukiandika katika daftari tarehe ambayo mti fulani ulifikia kilele mwaka huu, tayari una makadirio mazuri ya mwaka ujao. Daftari langu ndicho kifaa nisichoweza kukiacha, na katika vuli huwa na kazi kubwa kuliko kamera.

Kuhusu miti ya mjini, hapo nitawapinga wenzako kwa nguvu zaidi. Mji huhifadhi joto katika zege na lami, kwa hiyo miti yake mara nyingi huchelewa kugeuka ikilinganishwa na ile ya mashambani iliyo kilomita chache tu nje. Hata taa za barabarani zina athari yake: nimewahi kusimama chini ya mti ambao matawi yaliyoizunguka taa yalikuwa bado na majani ya kijani huku upande wa pili ukiwa umebaki fito tupu. Kwako hiyo ni faida, kwa sababu msimu unaodumu wiki mbili msituni unaweza kuurefusha hadi mwezi mzima kwa kuufuata kutoka nje ya mji kuelekea ndani. Faida ya pili ni mchanganyiko wa miti. Misitu ya asili ya sehemu kubwa ya Ulaya hugeuka manjano na kahawia, ilhali ya mashariki mwa Amerika Kaskazini na ya Japani ina wekundu mwingi; lakini bustani ya mjini haijali mipaka hiyo, kwa kuwa waliopanda waliikusanya miti kutoka mabara mbalimbali, na unaweza kukuta mepo ya Kijapani inawaka kando ya mwaloni uliokaa hapo miaka mia.

Basi unatafutaje? Anza na aina ya mti kabla ya kufikiria mahali. Miti haigeuki pamoja. Katika maeneo mengi yenye baridi, mepo nyekundu zinazoota kwenye ardhi ya majimaji hutangulia, pamoja na betula (birch). Mepo za sukari huja katikati. Mibichi (beech) na mialoni hufuata, na mialoni mara nyingi huishia kwenye rangi ya shaba na kahawia kwa sababu ya tanini, kemikali za rangi ya kahawia zinazobaki majanini. Mwishoni kabisa, wakati watu wamekwisha kuzifungia kamera zao kabatini, huja larichi, ambayo ni jamaa ya misonobari lakini hupukutisha sindano zake, nazo huwa za dhahabu kwa siku chache kabla ya kuanguka. Ukijua miti mitano au sita ya eneo lako na mfuatano wake, unaacha kuuliza "kilele ni lini?" na unaanza kuuliza "leo ni zamu ya nani?" Jifunze kuitambua wakati wa kiangazi, ikiwa bado ina majani mazima. Programu za simu za kutambua mimea husaidia, na bustani za mimea huwa zimeshaweka vibao kwenye mashina.

Kisha chukua ramani yenye kontua, yaani mistari inayoonyesha mwinuko wa ardhi. Tazama mwinuko kwanza: kwa wastani joto hupungua takriban nyuzi 0.65 kwa kila mita 100 unazopanda, hivyo kilima chenye tofauti ya mita 300 kati ya chini na juu kinakupa karibu nyuzi mbili, na rangi huanza juu ikateremka. Kuna isipokuwa moja ambayo wageni wa milima huikosa. Usiku usio na upepo hewa baridi ni nzito, hutiririka na kutuama mabondeni, na kwa sababu hiyo bonde dogo lililozingirwa linaweza kugeuka kabla ya miteremko iliyo juu yake. Maji makubwa hufanya kinyume: ziwa huhifadhi joto la kiangazi na kuichelewesha miti ya ufukweni kwa siku kadhaa. Kwa hiyo ramani moja ya kilomita ishirini inaweza kuwa na miti iliyokwisha kupukutika, iliyo katika kilele na iliyo kijani, yote kwa siku moja. Angalia pia mteremko unatazama wapi. Katika latitudo ya 45 kaskazini, jua la adhuhuri katikati ya Oktoba halipandi zaidi ya digrii 37 hivi kutoka upeo wa macho, kwa hiyo mteremko mkali unaotazama kaskazini unaweza kubaki kivulini siku nzima, na ule unaotazama kusini ukapata mwanga wa pembeni kwa saa nyingi.

Kwa kuwa huna gari, chora kwenye ramani hiyo njia za treni na mabasi, kisha zungushia kila kituo duara la kilomita mbili. Utashangaa ni vituo vingapi vidogo vilivyo kando ya mto, bwawa la maji ya mji au msitu mdogo ambao hakuna anayeupigia picha kwa sababu hauna jina. Kabla ya kwenda, zitazame picha za setilaiti za vuli zilizopita. Setilaiti za Sentinel-2 za mpango wa Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, hupita juu ya mahali hapo hapo kila baada ya siku chache, picha zake hutolewa bure, na kila nukta ni mita 10 ardhini. Huoni jani moja, lakini unaona wazi kama shamba la miti lililo nyuma ya kituo lilikuwa jekundu, la manjano, au ni misonobari mitupu isiyobadilika. Miaka mitatu ya picha za Oktoba, ukizitazama jioni moja, zitakuonya kuhusu sehemu ambazo ungepoteza safari kuzigundua. Picha za barabarani kwenye ramani za intaneti nazo huonyesha mwezi zilipopigwa. Ukibahatika ukakuta zilipigwa Oktoba, umeshapata ripoti.

Kama ningelazimika kuchagua aina moja tu ya mahali ndani ya mji, ningechagua makaburi ya zamani. Huenda ikakushtua, lakini makaburi mengi ya karne ya 19 yalibuniwa kama bustani: Mount Auburn, karibu na Boston nchini Marekani, yalifunguliwa mwaka 1831 kwa mtindo huo na yakaigwa na miji mingine. Miti yake ilipandwa kwa nafasi, haikukatwa kupisha majengo, imepata umbo lake kamili, na chini yake hakuna magari wala mabango. Kinachohitajika ni heshima. Usimpige picha aliyekuja kuomboleza, na mazishi yakiingia, ondoka upande huo. Baada ya makaburi ningeweka bustani za mimea, viwanja vya vyuo vikuu vya zamani, na njia za miguu kando ya mito, kwa mpangilio huo.

Nisikudanganye, kuna kitu ambacho karibu na mji hutakipata. Mlima mzima uliofunikwa na rangi, mkunjo baada ya mkunjo hadi upeo wa macho, unahitaji msitu mkubwa na umbali wa kuutazamia. Kama hiyo ndiyo picha unayoiota, endelea kwenda, lakini nenda katikati ya wiki, tafuta taarifa za hali ya rangi ambazo maeneo mengi maarufu huzitoa kila wiki, na usinunue tiketi isiyobadilishika miezi miwili kabla. Mimi nilifanya hivyo zamani. Nilifika asubuhi baada ya usiku wa dhoruba, nikakuta matawi matupu na matope, na picha pekee niliyorudi nayo ni ya mepo moja kwenye kona ya kituo cha basi, ambako ukuta ulikuwa umeukinga na upepo. Mti huo nilikuwa nimeupita bila kuutazama wakati wa kwenda.

Sasa anga jeupe na wekundu uliokufa. Siku ya mawingu ndiyo nzuri kwa majani, kwa sababu mwanga ni laini na hakuna vivuli vikali, lakini mawingu yenyewe ni meupe na hayana la kuonyesha. Liondoe anga kwenye picha: inamisha kamera, simama juu ya daraja ukitazama mtoni, au tumia mteremko wa nyuma kama pazia. Siku ya jua fanya kinyume, zunguka mpaka jani liwe kati yako na jua, ukijikinga na miale isiingie moja kwa moja kwenye lenzi. Jani lililoangazwa kutoka nyuma hupitisha mwanga kama kioo cha rangi, na mishipa yake yote huonekana. Majani pia yana utando wa nta unaoakisi weupe wa anga, hasa yakiwa mabichi kwa mvua, na hapo ndipo wekundu unapopauka. Dawa yake ni filta ya polaraizi, inayozungushwa mbele ya lenzi mpaka mng'ao utoweke. Inakula mwanga wa hatua moja hadi mbili, na kila hatua ni nusu ya mwanga uliopo, kwa hiyo zingatia kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, ikiwa kuna upepo. Aliye na simu tu anaweza kuweka mbele yake miwani ya jua ya polaraizi na kuizungusha; haipendezi kuonekana, lakini inafanya kazi.

Mambo mawili zaidi kuhusu kamera. Mizani ya rangi nyeupe, yaani mpangilio wa kamera unaorekebisha rangi ya mwanga, ikiachwa ijiendeshe yenyewe, kamera huiona rangi ya chungwa iliyojaa kila mahali kama kosa na kuipoza kuelekea bluu. Iweke kwenye mwanga wa mchana au mawingu. Na wekundu uliounguzwa, ule unaotoka kama doa lisilo na mishipa ya jani, husababishwa na chaneli nyekundu, moja ya rangi tatu ambazo kamera hurekodi, kujaa kabla ya nyingine. Fungua histogramu (grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera) ya rangi tatu badala ya ile moja ya jumla, na punguza mwanga mpaka mstari mwekundu usigonge ukingo wa kulia. Nadhani nusu ya malalamiko yako ya mwaka jana yamo humo. Nusu nyingine huwa ni kuongeza rangi kupita kiasi baadaye kwenye kompyuta, jambo ambalo sote tumelifanya.

Yapo ambayo maandishi hayawezi kukusaidia. Kwa swali la wiki hii rangi iko wapi, hakuna anayemshinda mtunza bustani au askari wa misitu anayepita chini ya miti hiyo kila siku, kwa hiyo nenda ukamuulize ana kwa ana. Ofisi ya msitu ndiyo itakayokuambia pia siku za uwindaji, kwani katika nchi nyingi vuli ni msimu wake, na hapo unapaswa kuvaa fulana ya rangi ya chungwa kali au kuahirisha. Kabla ya kutumia stendi ya miguu mitatu au droni katika bustani na makaburi, omba ruhusa ofisini. Ukiona tawi moja limekuwa jekundu mwezi wa Julai, usilifurahie: huenda mti una shida ya mizizi, maji au ugonjwa, na kama ni wa kwako au wa jirani, aitwe mtaalamu wa miti autazame. Na katika maeneo mengi kupe huwa hai bado wakati wa vuli. Jikague ukirudi, na ukiona alama nyekundu inayotanuka kwenye ngozi au ukipata homa katika siku au wiki zinazofuata, mwone daktari na umwambie ulikuwa msituni.

Lenzi na gari, basi. Gari usilisubiri. Lenzi uliyonayo, ikiwa ni ile ya milimita 18 hadi 55 inayouzwa pamoja na kamera nyingi, inatosha kwa karibu kila nilichokieleza hapa. Kwenye milimita 55, inapovuta vitu karibu, inakata anga na kuukaza mteremko, na kwenye 18, inapoona eneo pana, inakuwezesha kulala chini ya mti mmoja na kuujaza kwenye fremu. Ukiwa na fedha kidogo, nunua filta kabla ya lenzi. Lenzi ndefu ya milimita 200 ina maana kwa yule mlima wako tu, ambao unatazamwa kwa mbali, na hata hapo ningekushauri uiazime kwa safari moja kwanza.